Speyside: mabonde ya wapika gongo yaliyokuja kuwa makao makuu ya wiski (uzi mrefu, vuta kiti)

Mzee wa Machicha

Wakuu, habari za jioni.

Niseme mapema tusije tukagombana huko mbele: mimi situmii kilevi. Nimezaliwa Muheza, nimepita madrasa, sijawahi kuonja hata tone. Ila riziki haina mwenyewe. Mwaka wa saba huu naendesha lori la machicha huku kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Natoa machicha ya shayiri kwenye viwanda vya wiski, nawapelekea wafugaji wa ng'ombe. Nikirudi nyumbani nguo zinanuka kilabuni, na mama kila nikimpigia simu lazima aulize kama bado naswali. Naswali, mama.

Kilichonifanya nianzishe uzi ni picha ambayo jamaa aliweka jukwaani wiki iliyopita, chupa ya wiski ya bei mbaya, halafu watu wakaanza kusifia "utamaduni wa mabwana wa Kizungu". Nikacheka sana. Hayo mabonde napita kila siku. Mabibi na mababu wa hao mabwana walikuwa wapika gongo. Tena gongo ile ile ya kujificha vichakani, ya kumwaga pipa mtoni ukisikia mbwa wanabweka. Nitaeleza kidogo kidogo kila nikipata mapumziko.

Kwanza mahali penyewe. Speyside ni eneo la kando ya mto Spey, unaotoka milimani na kumwaga baharini upande wa kaskazini. Kuna vijito vinavyoulisha: Fiddich, Avon, na Livet ambao unaingia Avon kwanza. "Glen" kwa lugha yao ya Kigaeli ni bonde, kwa hiyo Glenlivet ni bonde la Livet, Glenfiddich bonde la Fiddich. Hakuna ufahari hapo, ni kama kusema Bonde la Mkomazi. Vijiji ni vidogo: Dufftown, Rothes, Aberlour, Craigellachie, Tomintoul. Dufftown haifiki watu elfu mbili, lakini wana msemo kwamba Roma ilijengwa juu ya vilima saba, Dufftown imesimama juu ya mitambo saba. Speyside nzima ina viwanda kama 50. Uskoti yote ina takriban 150, kwa hiyo thuluthi imejazana kwenye hiki kipande cha mashamba na kondoo.

Swali la uzi ni hilo: kwa nini hapa?

Mrombo Asili

Nimeweka kambi. Mkuu anza na upishi, sisi wa mbege tulinganishe.

Mzee wa Machicha

Sawa. Shayiri inalowekwa, inaachwa ichipue, yaani kimea kama cha ulezi kwenye mbege yenu. Inakaushwa, inasagwa, inatiwa maji ya moto. Kinachotoka ni kitu kitamu kama togwa. Makapi yanayobaki ndiyo machicha yangu. Togwa inatiwa hamira, siku mbili tatu inakuwa pombe ya kawaida, kali kidogo kuliko bia. Halafu inaingia kwenye mtungi mkubwa wa shaba, moto chini, mvuke unapanda shingoni, unapita kwenye bomba linalopozwa na maji baridi, unadondoka. Wanapika hivyo mara mbili. Ya mwanzo na ya mwisho hawaitii kwenye pipa, inarudishwa kupikwa tena. Wanachukua ya katikati tu.

Hadi hapo, mkuu, tofauti na gongo iko wapi? Shaba badala ya debe, basi. Tofauti inakuja kwenye subira: sheria inataka ikae kwenye pipa la mti wa mwaloni si chini ya miaka 3, hukohuko Uskoti. Ikitoka mtunguni ni nyeupe kama maji, ile rangi ya chai inatoka kwenye pipa. Na kila mwaka kama asilimia 2 inapotea hewani kupitia kwenye mbao. Wao wanaiita fungu la malaika. Ukipita karibu na maghala unaisikia puani. Kuta na miti ya jirani inaota ukungu mweusi kama masizi unaoishi kwa huo mvuke. Mara ya kwanza nilidhani pamewahi kuungua.

NyumaYaPazia

Kwa hiyo malaika wa Uskoti wanakunywa, wa kwetu hawanywi? 😂 Endelea mkuu.

Mzee wa Machicha

SEHEMU YA KWANZA: SERIKALI INAINGIA MTUNGINI

Maandishi ya zamani kabisa yanayojulikana ni ya daftari la hazina ya mfalme, mwaka 1494: mtawa mmoja, John Cor, alipewa kimea cha kutengenezea "aqua vitae". Hiyo ni Kilatini, maji ya uzima. Wagaeli wakaiita uisge beatha, maana ileile, na "uisge" ndiyo ikaja kuwa wiski. Kwa hiyo ilianza kama dawa ya watawa, ikashuka kwa wakulima. Shayiri ikizidi baada ya mavuno, unapika, unakunywa wakati wa baridi, nyingine unauza.

Mwaka 1644 Bunge la Uskoti likaweka ushuru wa kwanza. Mwaka 1707 Uskoti ikaungana na Uingereza, wenye ushuru wa London wakaona shamba jipya. Kodi ya kimea ikaletwa 1725, Glasgow watu wakafanya fujo hadi wakavunja nyumba ya mbunge. Kisha mwaka 1784 ikaja sheria ya ajabu zaidi: wakachora mstari kwenye ramani, nyanda za juu huku, nyanda za chini kule, kila upande na kodi yake. Wa juu walitozwa kidogo lakini walikatazwa kuuza kusini ya mstari. Wa chini, kuanzia 1786, walitozwa kwa ukubwa wa mtungi, si kwa wanachotoa. Basi nao wakatengeneza mitungi mipana na mifupi kama sahani, inayochemka na kumalizika ndani ya dakika chache, wanapika usiku na mchana. Kinywaji kikawa kibaya kama petroli.

Matokeo? Watu wa mjini wenye fedha wakaanza kutafuta ile ya vichakani, kwa sababu iliyopikwa kwa kificho ndiyo iliyopikwa polepole. Serikali iliifanya haramu iwe bora kuliko halali. Mimi hapo ndipo niliposimamisha lori nikacheka peke yangu.

Halafu wakakaza. Vita na Wafaransa vilikuwa vinataka fedha, kodi ikapanda na kupanda. Mwaka 1814 wakapiga marufuku nyanda za juu mtungi wowote chini ya galoni 500. Mkulima wa Glenlivet mwenye ng'ombe wanne atapata wapi mtungi wa galoni 500? Na shayiri ya kuulisha?

Sasa jambo ambalo watalii hawaambiwi: wenye ardhi walikuwa wanajua kila kitu. Mkulima alikuwa mpangaji kwa mwinyi, na kodi ya shamba ililipwa kwa fedha za wiski. Barabara hazikuwepo. Gunia la shayiri kulivusha milima juu ya farasi mdogo halilipi, lakini shayiri hiyohiyo ikiwa kimiminika kwenye kipipa cha mbao inalipa. Na hakimu wa kuwahukumu ni nani? Mwinyi yuleyule. Akikufunga, nani atamlipa kodi? Faini ikawa ndogo, mtu analipa anarudi mlimani jioni hiyohiyo.

Dada wa Mbezi Juu

Hapo kwenye hakimu umenikumbusha baraza la kata fulani. Sitaji.

Mzee wa Machicha

SEHEMU YA PILI: KUJIFICHA

Glenlivet ni bonde lililofungwa na milima, ukungu wa kutosha, maji kila kona. Na watu wake walishazoea kuficha. Juu kabisa ya bonde kuna nyumba ya mawe inaitwa Scalan, ilikuwa seminari ya siri ya Wakatoliki karne ya 18, wakati dini yao imepigwa marufuku. Mapadri walifundishwa humo, na wanajeshi wakija wanatawanyika milimani. Bonde linalojua kuficha padri halishindwi kuficha mtungi. Inasemekana mwanzoni mwa miaka ya 1800 palikuwa na mitambo 200 ya magendo kwenye hilo bonde moja.

Ujanja wao nitataja miwili niipendayo. Serikali iliahidi pauni 5 kwa atakayeonyesha mtambo wa magendo. Sehemu inayochakaa haraka ni lile bomba la shaba lililosokotwa kama nyoka, na ni ghali. Basi bomba likitoboka, mpikaji anauacha mtambo wake mkongwe pangoni, anakwenda mwenyewe kuripoti "nimeona kitu", anachukua pauni 5, ananunua shaba mpya. Serikali inamlipia matengenezo!

Wa pili ni Bi. Helen Cumming wa shamba la Cardow, ambako leo ni kiwanda cha Cardhu. Mumewe John alishashtakiwa mara kadhaa. Eneo halikuwa na nyumba ya wageni, kwa hiyo maofisa wa ushuru wakija walilala kwake. Mama anawasikia wanakuja, anaficha vyombo haraka, anajipaka unga mikononi kama anayekanda mkate, maana harufu ya hamira lazima iwe na sababu. Anawakaribisha, anawaandalia chakula, wakishakaa vizuri mezani anatoka nje anapandisha bendera nyekundu juu ya banda. Milima yote inajua wageni wamefika.

Mrombo Asili

Huyo mama angezaliwa Rombo angekuwa diwani.

Kijana wa Kibokoni

Mie kama mleta uzi, kilevi hapana, lakini hii habari nimeikalia kitako. Na bunduki je? Askari hawakutumwa?

Mzee wa Machicha

Walitumwa ndugu yangu. Kuna ngome ya Corgarff, kwenye njia ya kutoka Tomintoul kwenda kusini, iliwekwa askari wa makoti mekundu kuanzia 1827 hadi 1831, kazi yao kuwasaidia watu wa ushuru kukamata magendo. Lakini kilichomaliza magendo si hao. Angalia tarehe: sheria iliyobadilisha mambo ilikuwa imeshapita miaka minne nyuma. Naja.

SEHEMU YA TATU: 1823 NA BASTOLA ZA GEORGE SMITH

Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alitembelea Edinburgh. Mfalme mwenyewe alitaka wiski ya Glenlivet, na wakati huo Glenlivet hapakuwa na mtambo hata mmoja wenye leseni. Fikiria rais anakuja mkoani anaomba gongo ya kijiji fulani kwa jina, na wakuu wa mkoa wanahangaika kumtafutia. Msichana wa ukoo wa Grant wa Rothiemurchus, Elizabeth, aliandika baadaye jinsi ya kwao ilivyochukuliwa nyumbani ikapelekwa kwa mfalme.

Kabla ya hapo, Duke wa Gordon, mwinyi wa mabonde haya, alishawaeleza mabwana wenzake bungeni: watu hawa hawataacha kupika, wekeni leseni wanayoiweza, nasi wenye ardhi tutasaidia kuwabana wa magendo. Sheria ikapita 1823. Leseni pauni 10 kwa mwaka, mtungi kuanzia galoni 40, ushuru ukapunguzwa sana kwa kila galoni. Kwa upande wa pili, mwinyi akitajwa kwamba mtambo uko kwenye ardhi yake anajibu yeye.

Mpangaji wake mmoja, George Smith wa Upper Drumin, mkulima aliyekuwa akipika magendo kama wengine, akachukua leseni 1824. Wa kwanza bondeni.

Majirani wakamwona msaliti. Wakatangaza watamchomea kiwanda naye akiwa ndani. Halikuwa tishio la mdomo, maana kule bonde la Dee mwaka 1825 kiwanda chenye leseni kilitiwa moto kweli. Mwinyi wa Aberlour akampa Smith bastola mbili, na kwa miaka alitembea nazo kiunoni, analala nazo, na usiku kiwanda kinalindwa na watu wenye silaha. Wengine waliojaribu leseni bondeni wakati huo walitishwa hadi wakaacha. Yeye alibaki. Zile bastola zipo hadi leo.

Watalii wakisikia wanampigia makofi. Mimi sina hakika. Hao majirani hawakuwa majambazi, walikuwa watu ambao pauni 10 ilikuwa bado mlima kwao, na jirani yao mwenye baraka za Duke alikuwa anawafungia mlango. Smith alikuwa jasiri, sikatai. Ila alikuwa na mwinyi nyuma yake.

Mizani ya sheria hii hapa: mwaka 1823 waligundua kama mitambo 14,000 ya magendo Uskoti. Mwaka 1834, 692. Mwaka 1854, 73. Mwaka 1874, 6.

Mkampala

Naona hesabu hiyo nataka kuuliza. Kwetu Uganda walifanya mwaka 1965, sheria ya Enguli, yaani gongo yetu. Mpikaji awe na leseni, halafu enguli yake aiuze kiwandani isafishwe, iwekwe kwenye chupa. Ndiko ilikotoka Uganda Waragi. Lakini ukienda kijijini hadi leo watu wanapika vilevile kwa pipa na mrija. Kwa nini ya Uskoti ilifaulu na yetu haikufaulu?

Mwanasheria wa Kando

Kenya nao waliruhusu chang'aa mwaka 2010, kwa masharti ya leseni na chupa. Mpikaji wa mtaani hakuweza masharti. Bongo bado tuko kwenye sheria ya pombe ya moshi ya mwaka 1966: marufuku, polisi wanamwaga madumu mbele ya kamera, kesho yake yamejaa tena.

Mzee wa Machicha

@Mkampala swali zuri kuliko uzi wangu. Jibu langu, na mimi dereva tu: sheria ya Enguli ilimgeuza mpikaji kuwa mleta malighafi. Jina kwenye chupa si lake. Smith aliruhusiwa kupika, kuhifadhi na kuuza kwa jina la bonde lake. Mlango ulikuwa mwembamba lakini mtu wa kijijini aliweza kupita akiwa na mtungi wake. Na kitu cha pili, ambacho hata Waskoti wanakisahau, ni reli.

SEHEMU YA NNE: RELI, MAKAA NA MOSHI

Mwaka 1863 reli ya Strathspey ilipita kando ya mto. Ndipo Speyside ya leo ilipozaliwa. Mapipa yalikuwa yakishuka kwa mikokoteni, sasa yanapanda treni. Viwanda vipya vikajengwa pembeni ya reli, vingine na njia yake ya kuingilia ghalani.

Treni halirudi tupu. Lilileta makaa ya mawe. Zamani kimea kilikaushwa kwa mboji, ile ardhi ya majani yaliyooza karne na karne, wanaichimba kama matofali, wanaianika, inawaka polepole na moshi mwingi. Moshi unaingia kwenye kimea na hautoki tena. Makaa yalipokuja Speyside ikaacha moshi taratibu, kinywaji kikawa chepesi, chenye harufu ya matunda (nasimuliwa). Kisiwa cha Islay hakikupata reli, mboji ipo tele, wakabaki na moshi wao hadi leo. Watu wanabishana baa kuhusu ladha za wiski kama wanabishana Simba na Yanga, kumbe nusu ya ubishi ni habari ya reli.

Wakati huohuo mambo mawili yalitokea mbali. Mtambo wa mnara wa Aeneas Coffey, wa 1830, uliwezesha kupika nafaka yoyote bila kukoma na kwa bei ndogo, na wafanyabiashara wa Edinburgh na Glasgow wakaanza kuchanganya ile laini na hizi za mabonde. Halafu mdudu akaingia mizabibu ya Ufaransa kuanzia miaka ya 1860, brandi ikaadimika, Waingereza wenye fedha wakahamia wiski.

Jina Glenlivet likawa dhahabu. Kila kiwanda kikajiita Glenlivet, hata kilicho mbali na bonde, mpaka utani ukawa kwamba hilo ndilo bonde refu kuliko yote Uskoti. Mtoto wa Smith akaenda mahakamani, na 1884 ikaamuliwa: wao tu ndio "The Glenlivet", wengine wabandike jina lao mbele na kistari.

Na hapa anarudi mwanamke wa Cardow. Si Helen, huyu ni Elizabeth, mke wa mwanawe. Mumewe alifariki 1872, akabaki na kiwanda na watoto. Akakiendesha mwenyewe, akajenga kipya miaka ya 1880, na mitungi yake mikongwe akamuuzia jamaa mmoja wa Dufftown kwa pauni 119, shilingi 19 na peni 10. Jamaa huyo, William Grant, alikuwa amefanya kazi kiwanda cha Mortlach miaka 20, anadunduliza mshahara wa mwaka usiozidi pauni 100, na watoto tisa nyumbani. Akajenga na wanawe kwa mikono yao, jiwe kwa jiwe. Tone la kwanza lilidondoka Krismasi ya 1887. Hiyo ndiyo Glenfiddich, ambayo mnaiona kwenye kila duka la uwanja wa ndege. Ilianza na mitungi ya mtumba kutoka kwa mjane. Mama huyo akaja kuuza Cardow kwa kampuni ya John Walker mwaka 1893.

Dada wa Mbezi Juu

Kwa hiyo Johnnie Walker na Glenfiddich wote wamepita jikoni kwa mama mmoja. Na kwenye chupa kuna sura ya mwanamume anatembea na fimbo. Haya.

Mzee wa Machicha

😂 Dada umemaliza.

SEHEMU YA TANO: KASUKU

Miaka ya 1890 kila mwenye fedha alitaka kiwanda. Speyside pekee vilijengwa vipatavyo ishirini katika muda mfupi. Mchoraji wao alikuwa Charles Doig wa mji wa Elgin, ndiye aliyebuni lile paa la mchongoko kama hekalu la Kichina, juu ya chumba cha kukaushia kimea, mara ya kwanza huko Dailuaine 1889. Ni dohani tu, ya kuvuta moshi. Leo kimea kingi kinakaushwa kwingine, na bado viwanda vingi vinalo kwa ajili ya picha.

Vinara wa wazimu huo walikuwa ndugu wawili, Robert na Walter Pattison, wauza wiski wa Leith. Walikopa, wakanunua hisa, wakajenga majumba. Inasimuliwa walinunua kasuku 500, wale wa kijivu wa misitu yetu ya Afrika, wakawafundisha kusema "Nunua wiski ya Pattison", wakawagawa madukani. Desemba 1898 ikaonekana hawana fedha. Walikuwa wanachanganya kinywaji cha bei chee na Glenlivet kidogo, halafu wanauza kama Glenlivet safi ya miaka. Mwaka 1901 walifungwa, Robert miezi 18, Walter miezi 9.

Wakaanguka na wengi. BenRiach kilifunguliwa 1898, kikafungwa 1900, hakikupika tena hadi 1965. Miaka 65! Glen Elgin kilimalizika wakati huohuo wa msiba, na Speyside haikujengwa kiwanda kingine kipya hadi Tormore mwishoni mwa miaka ya 1950.

NyumaYaPazia

Kasuku waliishia wapi?

Mzee wa Machicha

Hiyo nami nimeuliza wengi, naishia kuchekwa.

Ila kuna Mwafrika mwingine kwenye habari hii, na huyu ana kaburi. Rothes kuna kiwanda cha Glen Grant. Mwenyewe, Meja James Grant, alipenda kuwinda Afrika. Mnamo 1898 alirudi na mtoto mdogo kutoka nchi ya Matabele, Zimbabwe ya leo. Wanavyosimulia, alimkuta ametupwa kando ya njia, na jina Biawa eti lilitokana na maneno ya Kiingereza ya "kando ya njia". Akasomeshwa Rothes, akawa mtumishi wa nyumba ya Meja, akawa shabiki mkubwa wa timu ya mpira ya Rothes. Meja alifariki 1931, yeye akabaki palepale hadi alipofariki 1972. Amezikwa Rothes. Alikuja mtoto, akazeeka akizungumza Kiskoti kama wenyeji.

Nilikwenda kaburini siku moja, lori nimeliegesha nje. Nikasoma dua yangu. Sijui alikuwa dini gani, lakini nilidhani haitamdhuru.

Dada wa Mbezi Juu

Kando ya njia, sawa. Lakini njia hiyo ilikuwa imepita nini? 1896 na 1897 Wandebele na Washona walikuwa wanapigana na Waingereza, na ng'ombe walikuwa wamekwisha kwa sotoka. Mtoto hatupwi tu. Na jina alilokuja nalo kutoka kwa mama yake je?

Mzee wa Machicha

Ndiyo maana niliiweka "wanavyosimulia", dada. Jina la mama hakuna aliyeliandika.

Kijana wa Kibokoni

Allah amrehemu. Mkuu, je wafanyakazi wenyewe hawakuwa wakiiba? Siwezi kuamini.

Mzee wa Machicha

Waliiba kwa ufundi! Tangu enzi za 1820 kile kinachodondoka kinapita kwenye sanduku la shaba na kioo lililofungwa kufuli, mpikaji anaona lakini hagusi. Kila kiwanda kilikuwa na ofisa wa ushuru anayeishi palepale, ghala lina kufuli mbili, funguo moja ya meneja na nyingine ya serikali. Utaratibu huo wa ofisa mkazi uliendelea hadi 1983.

Basi wafanyakazi wakatengeneza kibomba cha shaba, chini kimezibwa kwa sarafu, juu kizibo, kinaning'inia ndani ya suruali. Wakakiita "mbwa", kwa sababu mbwa ndiye rafiki wa mtu. Mzee mmoja ninayempelekea machicha, mwenye ng'ombe weusi wa Angus, alinionyesha wa babu yake. Upo sebuleni, juu ya televisheni, karibu na Biblia.

Na isitoshe, kuna waliyopewa kwa ruhusa: meneja aliwagawia kikombe mara kadhaa kwa siku, ile nyeupe kutoka mtunguni. Ukifanya kazi ya vumbi unapata cha ziada. Iliendelea hadi miaka ya 1970.

Mambo ya karibuni nayapitia haraka. Vita viwili vilisimamisha mitungi kwa kukosa shayiri. Ile sheria ya miaka 3 kwenye pipa ilikuja wakati wa vita ya kwanza, nia ikiwa kupunguza ulevi wa wafanyakazi wa viwanda vya silaha, si ladha. Reli ilibeba abiria wa mwisho 1965, sasa ni njia ya kutembea kwa miguu, vituo vingine vimekuwa mikahawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wiski ilizidi maghalani, kampuni kubwa ya Distillers ikafunga viwanda zaidi ya 20 Uskoti mwaka 1983 na 1985. Huku tulipoteza Dallas Dhu, Convalmore, Coleburn. Kilichookoa mabonde ni ile ya kiwanda kimoja isiyochanganywa, ambayo Glenfiddich walianza kuisukuma nje ya nchi tangu 1963 wakati wenzao wakiwacheka. Mwaka 2023 Uskoti iliuza nje wiski ya pauni bilioni 5.6.

Mwanasheria wa Kando

Na vijiji vimetajirika kwa hizo bilioni?

Mzee wa Machicha

Vijiji ni safi, barabara ipo, kazi zipo. Lakini kiwanda ambacho zamani kiliajiri kijiji kizima, leo zamu ya usiku ni mtu mmoja na kompyuta. Wenye hisa wako London, Paris na kwingineko. The Glenlivet ya akina Smith ni mali ya Wafaransa tangu 2001. Familia ya Grant ndiyo bado inashikilia Glenfiddich, kwa hilo nawavulia kofia.

Mrombo Asili

Swali la mwisho mkuu, na ndilo nililokuja nalo tangu mwanzo. Hao ng'ombe wa machicha wanalewa?

Mzee wa Machicha

Hawalewi. Machicha yanatolewa kabla ya hamira kutiwa, ni makapi matamu tu ya togwa. Ndilo jibu ninalompa mama pia kila akiuliza kuhusu lori. Yeye anasema ng'ombe sawa ameelewa, anataka kujua ile harufu niliyorudi nayo likizo ilitoka wapi.